Dhamana ya Mama Tanuri

Picha zilikuwa tatu. Wakili alizipanga juu ya meza moja moja, kama mtu anayegawa karata ambazo hataki kuzicheza.

"Zitazame, halafu uniambie kama tumekwisha," alisema.

Msumari alivuta kiti, akaketi, akavaa miwani. Jina hilo alipewa na wenzake enzi za upolisi, kwa sababu akishaingia mahali hatoki bila kung'oa na ubao. Siku hizi alikuwa amestaafu na kufanya upelelezi kwa mawakili, kazi ileile bila saluti.

Picha ya kwanza ilionyesha uwanja wa kiwanda kidogo cha vigae vya kuezekea. Hapakuwa na mtu, ni madimbwi tu na ukuta wa jirani uliolowa ukawa mweusi. Ya pili ilikuwa ya tanuri lenyewe, kubwa kama chumba, lenye mgongo wa mviringo na rangi ya unga wa muhogo. Mdomo wake ulikuwa umejengewa matofali na kukandikwa udongo. Ya tatu ilikuwa ya lango lililofungwa kwa kufuli.

"Nani kazipiga?"

"Mpelelezi wa upande wa pili. Wanamwita Marashi."

"Bado anajipulizia?"

"Hati yake ya kiapo inanukia mpaka leo. Inuse."

Msumari hakuinusa. Aliisoma.

Kesi yenyewe aliijua. Mkandarasi mmoja mkubwa alikuwa ameezeka shule ya msingi kwa vigae vyenye muhuri wa Mama Tanuri. Mwaka haukuisha, vigae vikaanza kumeguka, paa likavuja kama kichujio. Mkandarasi akasema kwa kila aliyemuuliza kwamba kosa si lake, ni la mwanamke aliyevitengeneza. Mama Tanuri akasema hajamuuzia mtu huyo hata kimoja, muhuri ule umeghushiwa. Mafundi waliokuwa wakimpigia foleni wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Ndipo akaenda mahakamani. Alitaka kitu kimoja: mahakama itamke, watu wakisikia, kwamba vigae vile si vyake.

Mkandarasi hakujibu hoja, bali alipitia mlango wa uani. Aliomba mahakama imwamuru Mama Tanuri aweke dhamana ya gharama za kesi. Maana yake, kabla hajasikilizwa, kwanza alete fedha nzito zikae mahakamani, ili akishindwa, mkandarasi apate pa kujilipia mawakili wake. Sababu alizotoa ni kwamba mama huyu hana mali, kiwanda chake kimekufa, na mwenyewe amehamia ng'ambo ya mpaka kwa mwanawe. Amri ikitoka na dhamana isipowekwa, kesi inafutwa, na muhuri unabaki na doa lake.

"Wanachotaka hawezi kukitoa hata akiuza nyumba," wakili alisema. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya kukata na kalamu nyuma ya sikio.

"Na akiuza nyumba?"

"Atakuwa hana nyumba. Watasema, si tuliwaambia?"

"Mwanawe je?"

"Amejitolea. Mama kakataa. Anasema anayeweka dhamana ni mtu wa kukimbia, na yeye hajawahi kukimbia hata mbwa."

Msumari alirudia aya moja ya kiapo kwa sauti: "Nililiendea tanuri, nikachomoa tofali kwenye tundu la kuchungulia, nikamulika ndani kwa tochi. Halikuwa na kitu isipokuwa majivu." Akavua miwani. "Na mama anasema ndani kuna nini?"

"Hapo ndipo ninapokwama, mzee. Namuuliza, anajibu 'kuna kazi'. Namwambia aape hiyo kazi ni nini, anasema haapi. Hakimu anatusikiliza kesho asubuhi. Kama ndani kuna vigae, hiyo ni mali, tena ni kiwanda kilicho hai. Kama kuna majivu, mimi nikanunue kitambaa cha kufutia machozi."

"Si mfungue?"

"Anarudi leo. Kamwambie wewe. Mimi aliponikaripia kwenye simu niliomba radhi."

Kwenye rafu ya vielelezo kulikuwa na kigae kimoja kilichobanduliwa pale shuleni, kimevunjika pembe. Msumari alikichukua, akakigeuza, akakipima kwa kiganja toka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, mara moja na nusu. Kirefu kuliko vya kawaida. Akakirudisha na kuchukua mkoba wake.

*

Lango la kiwanda lilikuwa na kufuli lilelile la kwenye picha. Pembeni yake, chini ya kibanda cha bati, mwanamume mmoja mwembamba alikuwa akikarabati toroli. Huyu alikuwa shemeji yake Mama Tanuri, mdogo wa marehemu mume wake, na ndiye aliyeshika funguo. Kwenye kiapo aliitwa "jamaa wa karibu aliyethibitisha kuwa mdai amehama." Msumari alikuwa ameshamwekea alama. Ndugu wanaouza ndugu alikuwa amewaona wengi.

"Alikuja hapa mtu wa kunukia," Msumari alianza bila salamu ndefu.

"Nilimjua kwa pua kabla ya macho."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimfungulia apige picha zake, nikabaki hapa na toroli. Kisha akauliza shemeji yuko wapi. Nikamwambia kaenda kwa mwanawe. Ulitaka niseme kaenda mwezini?"

"Kaapa ulisema amehama."

Yule bwana aliweka koleo chini. "Nani kahama? Nilisema kaenda. Huyo mtu wenu hajui watu huenda na kurudi? Akienda chooni, mkewe anagawa nguo zake?"

"Si mtu wetu. Alikupa chochote?"

"Kadi yake. Nimeitia chini ya mguu wa meza, umetulia sasa."

Msumari alitazama meza. Kadi ilikuwa pale, imekunjwa mara nne chini ya mguu, herufi za dhahabu zikichungulia. Akamfutia bwana yule alama.

"Wafanyakazi wako wapi?"

"Makwao."

"Kwa nini?"

"Tanuri limezibwa." Alijibu kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kwa nini usiku kuna giza. Alipoona Msumari bado anangoja, akaongeza: "Kazi ya kuchoma ikiisha, mdomo na matundu yote yanazibwa, moto unaachwa ufe wenyewe taratibu. Hapo hapana la kufanya. Wafanyakazi wanaenda kulala na wake zao, na shemeji anajifukuza."

"Anajifukuza vipi?"

"Akibaki hapa mkono unamwasha. Hali, halali, analizunguka lile tanuri kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kaka yangu ndiye aliyeanza kumpeleka mbali, asije akalifungua kabla ya wakati. Sasa anajipeleka mwenyewe. Kila tanuri, kila mwaka. Mtaa mzima unajua, isipokuwa wanaovaa viatu vya kuchongoka."

Basi kiwanda kitupu kilikuwa na maelezo, na safari ya ng'ambo ilikuwa na maelezo. Marashi alikuwa ameona vitu vya kweli akavisoma kinyume. Lililobaki ni lile tundu. Hapo hakusema alichodhani. Alisema alichungulia.

Shemeji alifungua lango. Msumari aliliendea tanuri na kuliwekea kiganja. Lilikuwa na uvuguvugu bado, kama shavu la mtoto mwenye homa. Alizunguka nyuma. Tundu lilikuwa pale, usawa wa bega, tofali limeingizwa ndani na udongo umepakwa kulizunguka pande zote. Udongo ule ulikuwa umekauka na kupasuka nyufa nyembamba zilizotoka kwenye ukuta, zikapita juu ya tofali na kuendelea upande wa pili bila kukatika.

"Kuna aliyepaka udongo hapa tangu lizibwe?"

"Nani? Mimi naogopa hata kuegemea."

Msumari akapiga picha. Lakini alijua mwenzake atasema nini: kwamba tofali lilirudishwa na udongo ukapakwa upya, na nyufa ni nyufa. Hakimu angehitaji kitu ambacho Marashi hawezi kukikwepa.

Alipokuwa akirudi alipita kwenye banda la kukaushia. Vigae vibichi vilivyokataliwa vilikuwa vimetupwa kwenye kona, vimepinda, vikingoja kulowekwa tena kuwa udongo. Aliokota kimoja. Kwenye rafu za banda kulikuwa na sampuli za kuuza, zote fupi. Hiki kilikuwa kirefu. Akakipima kwa kiganja. Mara moja na nusu.

"Rudisha ulipokitoa," sauti ilisema nyuma yake.

Mama Tanuri alikuwa amesimama mlangoni na begi la safari mkononi, karudi kwa ajili ya mahakama. Alikuwa mwanamke mpana, wa miaka sitini na kitu, mwenye mikono iliyopauka kwa udongo mpaka kwenye viwiko na shingo isiyojua kuinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye huyo Msumari?"

"Ndiye."

"Vigae vyangu havipigiliwi misumari. Vinajishikilia vyenyewe."

"Nimesikia. Nimekuja kukuuliza ndani ya tanuri kuna nini."

"Kuna kazi."

"Mama, wakili wako anataka mfungue leo, hakimu aone."

"Wakili wangu ni mtoto mzuri. Nikifungua leo, hewa baridi inaingia, vyote vinapasuka. Vingine utaviona. Vingine vina ufa usioonekana, utauona mvua ya kwanza juu ya kichwa cha mtu. Sifungui tanuri la moto kwa hakimu wala kwa mfalme. Aje Jumatatu, nitampa na kiti."

"Jumatatu kesi itakuwa imefutwa."

"Basi ifutwe. Si kwa vigae vibovu."

Shemeji alikohoa pembeni. "Shemeji, mtu huyu kaja kukusaidia. Usimchome na yeye."

"Nyamaza wewe. Uliyemkaribisha yule mwenye viatu ni nani?"

"Alikuja na miguu yake. Nimfunge kamba?"

Msumari aliinua kile kigae kibichi. "Umechonga kalibu mpya, mama. Ndefu. Hakuna paa la mtaa huu linalotumia kigae cha urefu huu, nimekuja nikitazama juu. Lipo moja tu. Ndani ya tanuri kuna vigae vya shule."

Mama Tanuri aliweka begi chini. Hakukana. Alimtazama shemeji yake, naye shemeji akainua mikono kuonyesha kwamba hakufungua kinywa.

"Nani kavilipia?" Msumari aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini usiseme?"

"Nikisema leo, yule mkandarasi atapita akitangaza, mama anatubu, mama anajua kosa lake. Sitaki vijulikane kabla havijapanda juu. Nimeongea na mwalimu mkuu peke yake. Kesi itakwenda miaka, baba. Watoto wamekaa na ndoo katikati ya madawati, na kila wakiinua macho wanaona jina langu. Sikulibandika mimi, lakini ni langu. Silali."

Msumari alirudisha kigae kwenye kona, taratibu, pale pale alipokitoa.

"Utaapa?"

"Niulize mbele ya hakimu. Akiniuliza yeye, nitajibu. Karatasi siandiki."

*

Marashi alikuwa na meza yake kwenye mgahawa ulio mkabala na mahakama, na mtu yeyote aliyemtaka alijua pa kumpata saa za mchana. Suti yake ilikuwa ya rangi ya jivu na tai ya zambarau. Walikuwa wamefanya kazi kituo kimoja miaka mingi, na hawakuwa wamegombana wala kupatana.

"Msumari. Bado unaning'inia?"

"Bado. Wewe bado unanukia."

Wakacheka, wakaagiza chai. Msumari alikuwa ameamua kumvika kilemba cha ukoka, maana alimjua: huyu ukimbana ananywea, ukimsifu anafunguka.

"Nimesoma kiapo chako," alisema. "Nimekubali. Mimi ningeishia langoni."

"Ndiyo tofauti ya kazi na kazi, ndugu yangu."

"Mpaka tundu la nyuma umelifikia. Nani angelijua?"

"Nilizunguka. Lipo hapa." Marashi aligusa bega lake. "Unatazama kila upande. Nyie mnatazama mbele tu."

"Tofali lilitoka kirahisi?"

"Kama jino la mtoto. Nilichomoa kwa mkono huu, nikamulika, nikaona majivu, nikarudisha. Kazi ya dakika."

"Bila glavu?"

"Glavu za nini? Mimi ni daktari?" Alikunja uso kidogo. "Hasara niliyopata pale ni viatu. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika, uwanja wote matope. Viatu vya ngozi laini kabisa. Nimemdai mkandarasi anilipe, ananizungusha."

"Pole sana."

"Mwambie wakili wako akubali mapema. Yule mama hana kitu. Nimeona kwa macho yangu."

Msumari alisimama, akamnyooshea mkono. Walipopeana, aliushika mkono wa Marashi kwa sekunde moja zaidi ya kawaida. Kiganja kilikuwa laini kama sabuni iliyolowa. Hakikuwa na lengelenge, kovu wala wekundu.

Alirudi ofisini kwa wakili akitembea haraka. Mvua. Picha ya pili ilikuwa bado mezani. Aliipeleka dirishani, akaitazama kwa muda, halafu akamwita wakili.

"Niambie unaona nini."

"Tanuri."

"Nyuma yake."

"Ukuta wa jirani. Umelowa."

"Chini?"

"Madimbwi. Kila mahali."

"Rundo la kuni?"

"Jeusi. Limelowa chepechepe."

"Na tanuri?"

Wakili alisogea dirishani. Akaichukua picha mwenyewe na kuisogeza karibu na uso. Kalamu ilidondoka kutoka nyuma ya sikio, hakuiokota.

"Kavu," alisema. "Limenyeshewa, na ni kavu."

"Halina paa juu yake. Limepigwa na mvua ileile iliyolowesha ukuta na kuni na viatu vya Marashi. Maji yalikauka yalipoligusa. Sasa niambie, tofali la tundu, ambalo upande wake wa pili unatazama moto, lingechomolewa vipi kwa mkono mtupu na mtu ambaye nimetoka kumshika kiganja?"

Wakili alianza kuandika. Msumari aliokota kalamu nyingine, akamsogezea, kwa sababu ile aliyoishika ilikuwa haina wino na hakuwa ametambua.

*

Ukumbi wa mahakama ulikuwa na feni moja iliyozunguka na moja iliyosusa. Mkandarasi aliketi mstari wa mbele, mtu mnene aliyevaa saa kubwa, na nyuma yake watu wake wawili watatu. Upande wa pili walikaa Mama Tanuri na shemeji yake, aliyevaa koti la marehemu kaka yake. Na nyuma kabisa, kwenye mabenchi ya wasikilizaji, kulikuwa na mafundi paa. Hakuna aliyewaalika. Walikuwa wamekuja kusikia kama muhuri ule utabaki na doa.

Wakili wa mkandarasi alisema aliyoyasema kwenye karatasi. Mdai hana mali, hana kiwanda, hana makazi. Mahakama isimwache mteja wake akapigane na kivuli.

Wakili wa Mama Tanuri aliomba kumuuliza maswali aliyeapa. Hakimu, mwanamume mzee mwenye sauti ya chini, akaruhusu. Marashi akapanda kizimbani, na harufu yake ikapanda naye.

"Shahidi, picha hii ya pili ulipiga wewe?"

"Mimi."

"Kabla au baada ya kuchungulia?"

"Baada. Dakika hiyo hiyo."

"Hali ya hewa?"

"Mvua ilikuwa imetoka kukatika."

"Uwanja ulikuwaje?"

"Matope. Mheshimiwa, kila kitu kilikuwa kimelowa."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Wakili alimpelekea hakimu picha, nakala nyingine akampa Marashi. "Naomba unionyeshe maji juu ya tanuri."

Marashi alitazama. Aliigeuza picha kuelekea mwanga, kisha akaisogeza mbali na uso.

"Labda lilikuwa limefunikwa," alisema.

"Na nini? Tuonyeshe."

Marashi aliirudisha picha ukingoni mwa kizimba.

"Tofali ulichomoa kwa mkono upi?"

"Wa kulia."

"Mtupu?"

Marashi alimwona Msumari kwenye benchi la tatu, ameketi bila kutabasamu, mikono magotini. Akarekebisha tai. "Sikumbuki vizuri."

"Jana ulikumbuka. Mheshimiwa, tunaomba shahidi aonyeshe kiganja chake cha kulia. Kama alishika tofali la tanuri lililokuwa likikausha mvua, hatuhitaji daktari kuona."

Marashi hakunyoosha mkono. Aliuingiza mfukoni, na jambo hilo lilitosha. Kwenye mabenchi ya nyuma mafundi walicheka chini chini mpaka karani akawatazama.

Hakimu aliandika kwa muda. Halafu akamgeukia Mama Tanuri.

"Mama, simama. Mahakama inaona tanuri lilikuwa na moto. Lakini moto bila kitu ndani si mali. Ndani kuna nini?"

Mama Tanuri alisimama. Hakushika meza.

"Vigae vya shule, mheshimiwa. Paa zima."

Wakili wa mkandarasi aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Mheshimiwa, amekiri. Mtu hatengenezi upya kitu ambacho hakukosea."

"Kijana," Mama Tanuri alisema bila kupandisha sauti, "mimi sijakiri kitu. Vile vya juu si vyangu. Lakini vimebandikwa jina langu na watoto wananyeshewa chini yake, na mvua haingoji hukumu. Nitavishusha vile, nitapandisha vyangu. Siku hiyo yeyote anayetaka apande ngazi, ashike hiki na hiki. Asiyejua hata rangi ya udongo atajua."

"Na ukishindwa kesi," hakimu aliuliza, "gharama za mdaiwa utazilipa vipi?"

"Nitafanya kazi nizilipe, kama nilivyolipa kila kitu maisha yangu. Wanataka dhamana. Tanuri lile pale. Nililijenga na mume wangu, tofali kwa tofali, na halina miguu. Na mimi naishi ubavuni mwake. Kwa mwanangu naenda kupumzika, kama watu wote wenye watoto wema."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nyuma, fundi mmoja mzee alivua kofia, ingawa alipaswa kuwa ameivua tangu alipoingia.

Hakimu alisoma uamuzi wake mfupi. Mdai anaishi nchini na ana kazi iliyo hai nchini. Kiapo cha mpelelezi wa mdaiwa hakiaminiki, na mwenyewe atajibu kosa la kiapo cha uongo katika shauri la peke yake. Maombi ya dhamana yametupwa, na gharama za maombi hayo zitalipwa na aliyeyaleta. Kesi ya msingi ipangiwe tarehe ya kusikilizwa.

*

Kwenye korido mkandarasi aliwakuta karibu na ngazi. Alikuwa ameacha mawakili wake nyuma, na uso wake alikuwa ameuvisha tabasamu la mtu anayekuja kuposa.

"Mama yangu," alisema, "haya mambo yanaweza kuisha leo. Sisi ni watu wazima. Taja unachotaka."

"Nilishataja. Kipo kwenye kesi."

"Nje ya kesi."

Mama Tanuri alimtazama toka kichwani hadi miguuni, kama anavyotazama kigae kabla ya kukigonga. "Nje ya kesi nakuuliza swali moja, na hapa wapo mashahidi. Vile vigae ulivitoa wapi?"

Mkandarasi alizidi kutabasamu. Lakini macho yake yalimponyoka. Yaliruka mara moja tu, kushoto, kwa mtu mmoja kati ya wale aliokuja nao, bwana mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, msimamizi wa ghala lake. Yakarudi haraka. Msimamizi wa ghala naye akaanza kukagua funguo zake kana kwamba amepoteza moja.

"Basi tukutane siku ya kusikilizwa," Mama Tanuri alisema, na akashuka ngazi katikati, polepole, shingo wima. Mafundi paa waliokuwa wamesimama kwenye ngazi walimpisha kila mmoja kwa upande wake, na wengine wakamwamkia kwa sauti ambayo hawakuwa wameitumia tangu shule ianze kuvuja. Aliwaitikia wote, na hakuruka mtu.

Wakili alimgeukia Msumari amshukuru, akakuta nafasi tupu. Yule bwana mwenye funguo alikuwa ameshatokea mlango wa pembeni, akikata mtaa kwa hatua za haraka kuelekea maghala, na Msumari alikuwa nyuma yake, hatua chache tu, kofia imeshuka usoni, wala hakuwa na haraka yoyote.